Fundi: Hajulikani

Miaka kumi na tisa nimesoma vitambaa
kwa glavu nyeupe, kwa penseli, kwa ruhusa,
katika ghala la makumbusho, Manchester, chini kabisa,
ambako baridi hulipiwa umeme
nili isije ikazeeka.

Kila droo ina kadi, kila kadi mistari minne.
Mahali: India.
Karne: ya kumi na tisa.
Mkusanyaji: kapteni fulani, jina lote, cheo na nishani.
Fundi: hajulikani.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonilisha.
Limenipa shahada, likanipa kiti, mlango wenye jina langu,
na wanafunzi wanaoinama kuandika nisemapo “kuondoa ukoloni”,
kana kwamba ni doa
na mimi sabuni.

Kisha Pethapur, mwezi wa Mei, joto la kukaanga mawe.
Bechar Suthar amekaa chini,
kibao cha msaji amekibana kwa nyayo mbili.
Nikampa simu: picha ya pindo, ua na jani.
Hakuuliza karne.
Akaikuza kwa vidole, akacheka peke yake.
“Huyu alikuwa mashoto.
Ona jani linavyoikimbia patasi.
Na hapa mtoto alimwita,
petali moja ikabaki bila mshipa.”

Mimi naandika, yeye ananitazama.
“Kitabu chako kina kurasa ngapi?”
Mia tatu na kumi na mbili.
“Na jina lako limo mara ngapi?”

Limo juu ya kila ukurasa. Sikumwambia.

Usiku, hotelini Gandhinagar, feni ikisaga hewa ileile,
nilifungua sura ya tano,
ile iliyopigiwa makofi Delhi na Edinburgh,
nikahesabu: mara arobaini na moja
“fundi asiyejulikana”.
Hajulikani na nani?
Kitenzi kimeficha mtenda wake
kama mwizi aliyejichanganya na waombolezaji.

Nimerudi ghalani. Kanuni hairuhusu kufuta.
Inaruhusu kuongeza mstari mmoja, kwa penseli.
Nimeongeza:
Alikuwa mashoto. Mtoto alimwita. Hatukuuliza.

Mtunza kumbukumbu, Bi. Thackray, mtu mwema,
akavua miwani: “Chanzo?”
Bechar Suthar, nikasema, nikamtajia herufi moja moja.
Akaandika. Akasita.
“Profesa wa chuo gani?”