Nafasi ya Makaazi

Karani kaniuliza: shehia yako ipi?
Nikamtajia ile niliyoitoka usiku,
kandambili ya mguu mmoja, mdogo mgongoni,
kaka yake nikimburura,
na ufunguo wa mlango nimeufumbata.
Mpaka leo ninao. Wala sijui wa nini.

Basi kalete barua ya sheha wako.

Sheha wangu ni ami yake Faki.
Usiku wa kishindo kikubwa alikuja,
akanywa chai, akasifu vitumbua,
akasema mambo ya ndani ni ya ndani.
Nikamweleza karani. Hakuandika.
Fomu haina mstari wa vitumbua.

Huku Wete nalala jikoni kwa shangazi Time,
baina ya mafiga na gunia la makonyo.
Mgeni siku mbili, ya tatu jembe:
jembe nimelishika, na maji nateka, na kuni nachanja.
Leo ni siku ya arubaini na moja.
Mume wa shangazi ameanza kukohoa
kila nikinyoosha mkono kwenye sinia.

Sheha wa huku si mtu mbaya.
"Mie sikujui, mwanangu. Kaa kwanza, uonekane."
Nikae wapi, nionekane?

Pesa za kaya zilitoka Jumanne.
Kaya ni yeye. Daftarini jina lake liko juu,
sisi tumepangwa chini yake,
namba mbili, namba tatu, namba nne.
Wamehesabiwa watu wanne,
kala mmoja.

Pale hospitali, sisemi uongo, walinipokea.
Muuguzi, Bi Raya, alinifunga mkono,
akajaza karatasi ya polisi kwa hati nzuri
kama anaandika kadi ya harusi.
Halafu akaniuliza: leo unakwenda wapi?
Kalamu akaiweka chini kabla sijajibu.

Sasa karani afungua ukurasa wa pili.
Makaazi: pamebaki peupe.
Mkuu wa kaya: peupe.
Nyuma yangu foleni yaguna, feni yazunguka,
mdogo wangu autia ufunguo mdomoni.

"Na huyu mtoto, jina?"
"Mgeni."
Akainua uso, akadhani namfanyia mzaha.
"Ndilo jina lake. La bibi yake, mzaa baba."

Hapo kalamu haikukwama.
Aliandika kwa herufi kubwa, akapuliza wino,
akaniambia nirudi Alhamisi
na barua.