Vidole Viwili

Aliniletea gari Jumanne, Unga Limited,
maji ya mvua bado yamelala kwenye mashimo ya uani.
Subaru ya bluu, pua juu
kama ng'ombe aliyenusa magadi.
"Dada Eliakunda," akasema Lomnyaki,
"nikivuka mia na thelathini pale uwanda wa KIA
usukani unakuwa mwepesi. Mwepesi vibaya.
Mimi nalishika gari, lenyewe halinishiki."

Sikumjibu. Niliingia uvunguni, tochi mdomoni,
nikazikuta: spesa mbili za mpira, mbele,
zimekatwa kwenye tairi kuukuu la lori,
zimebanwa juu ya springi na mtu mwenye haraka.
"Nani kakuinua hivi?"
"Njia ya nyumbani. Ng'iresi. Mawe matupu.
Mama yuko kule juu."

Upepo haumhurumii aliyeinua kidevu.
Unapita chini, unambeba,
matairi yanabaki kuigusa lami kwa adabu tu,
kama mgeni anayeonja chai asiyoitaka.

Basi nikazing'oa.
Nikakiketisha kiti cha dereva mfuko mmoja na nusu wa saruji,
nikaufunga mkanda,
maana gari hupimwa likiwa na mtu wake.
Nusu tangi. Kisha futi ya cherehani,
ya marehemu shangazi, namba zimefutika mpaka kumi na mbili:
fenda hadi kitovu cha rimu,
kushoto, kulia, nyuma, tena kushoto.
Mbele nikaishusha kuliko nyuma, kidole kasorobo.
Kulia kukagoma. Bushi imekufa.
Tukamtuma kijana Kilombero, akarudi na isiyo yake,
akatumwa tena.
Saa tisa bado naikandamiza bampa kwa goti:
lishuke, lipande mara moja, litulie.
Likipanda mara mbili, shokapu inasema uongo.

Alfajiri tukatoka. Usa, Kikatiti.
Kilimanjaro haukuwepo, wingu tupu.
Uwandani upepo ukaja wa ubavu,
ule unaolaza nyasi zote upande mmoja.
Gari likashusha bega
likapita.
Lomnyaki akaacha kuongea.
Mkono mmoja juu ya usukani,
wa pili haujui ukae wapi.

Wiki haijaisha, huyo mlangoni,
viatu udongo mpaka kwenye kamba.
"Gari?"
"Nililiacha lami inapoishia. Nimepanda kwa miguu,
mara ya kwanza tangu nimalize shule.
Mama alidhani nimeliuza. Akafurahi!
Halafu akanionyesha magunia ya viazi,
matatu, ya kupeleka sokoni."

Akavitazama vidole vyake.
"Nirudishie viwili."
"Mbele?"
"Kote," akasema. "Viwili kote. Pua ibaki chini."

Nikaenda kuitafuta futi.