Chururu na Ndo, Ndo, Ndo

Mimi ndiye niliyetumwa na kampuni ya bima
kupima ukungu ukutani kwa Torbjørg Vindenes,
fundi wa piano huko Bergen,
mji ambao mvua haimuulizi mtu anakwenda wapi.
Nilipima kwa rula. Sentimita arobaini na mbili.
Nikaandika: weusi, harufu ya muda mrefu.
Nikaandika: polepole.
Sikujua neno hilo lina uzito wa piano tatu.

Kwani kifungu cha tisa
kinalipa maji yaliyofumka ghafla.
Yaliyovuja siku nenda siku rudi,
mwenye bima akijua, au akipaswa kujua,
hakiyalipi.
Chururu ina fidia. Ndo, ndo, ndo haina.

Bomba lenyewe, nyuma ya ukuta,
jembamba kama kidole cha mtoto.
Na piano: moja ya kanisa, mbili za watu,
mbao zimefura,
nyundo za sufi zimeota manyoya ya kijani.

Mahakamani wakili wetu, Eilertsen,
hakuigusa ripoti yangu wala picha.
“Bibi Vindenes, ni kweli kwamba
waya ukilegea kwa unywele mmoja unausikia?”
“Ni kweli.”
“Hata ukiwa chumba cha pili?”
“Hata nikiwa ngazini.”
“Basi miezi saba, tone baada ya tone,
sikio hilo lilikuwa wapi?”

Jaji akainua kalamu.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

Alinyamaza kadiri ya kufunga kifuniko cha piano,
kisha akapeleka mkono chini ya mvi zake,
akachomoa kitu, akakiweka mezani,
cha rangi ya ngozi, kidogo kama kunde.
“La kushoto lilikufa miaka minne iliyopita.
La kulia lipo njiani.
Hayo ya ngazini yalikuwa zamani.
Sasa nategea kwa taya, kwa mtetemo wa mbao.”

Nyuma yetu walikaa waliokuja kumtetea:
mwalimu wa kwaya, mwenye hoteli,
kijana wa ukumbi wa tamasha.
Kijana akafunga daftari lake.

Alishinda. Hakujua, jaji aliandika, wala hakupaswa kujua.
Tulilipa yote, na gharama za kesi juu yake.
Wateja hawakumkimbia ghafla.
Hotel ikaahirisha. Kwaya ikapata fundi wa bei nafuu.
Hilo halina kifungu.

Mwezi Aprili nilimpelekea piano ya marehemu mama,
imenyamaza sauti mbili upande wa chini.
Aliegemeza taya kwenye ubao, akafumba macho,
akagonga, akakaza, akagonga.
Kisha, bila kunitazama:
“Uliandika arobaini na mbili.
Zilikuwa arobaini na nne. Nilipima mwenyewe.”

Nikasema neno.
Akageuza uso, akaomba nirudie.