Siku Paa Liliponyamaza

Eilidh alikuja na ngazi na chupa ya supu,
akapanda juu ya vigae vyetu vya Dundee, mwezi wa Aprili,
akainua shingo, akaikazia macho dohani:
"Adui yako ni ile pale. Mawingu utayazoea."

Nilicheka. Mimi, niliyekulia kwenye jua la kukwepwa,
la kuvukwa mbio kutoka kivuli hadi kivuli,
leo nimekopa paundi elfu sita nilikaribishe
katika mji ambao lenyewe ni mgeni wa kizingitini:
husalimu, halivui viatu, na kabla hujaandaa kiti
limekwenda.

Paneli kumi, nyeusi tititi, nyuso zao kusini,
zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara.
Hapo ndipo nilipouelewa uadui wa dohani:
mmoja akiburura mguu, wote hupunguza mwendo.
Saa tisa alasiri kivuli chake, chembamba kama mchirizi wa wino,
kiligusa paneli ya mwisho tu,
na safu nzima ikazubaa.
Eilidh akarudi, akafunga kidude nyuma ya kila moja.
"Sasa kila mtu na mzigo wake," akasema,
akamalizia supu yake imekwisha poa.

Chini, kabatini, kati ya makoti na ufagio,
linakaa sanduku jeupe linaloguna. Ndiyo inveta.
Jua huteremka wayani kwa mkondo mnyoofu,
mkaidi, wa neno moja;
sanduku huufundisha kwenda na kurudi
mara hamsini kila sekunde
hadi birika liuelewe, friji iuelewe,
na mashine ya kufulia itikisike jikoni kama ina mashetani.

Nimejifunza kufua adhuhuri.
Maharage, adhuhuri. Pasi, adhuhuri.
Kinachobaki hutoka nje, hupita ukutani
kwa Bwana Petrie, asiyejua
kwamba paa langu ndilo lililochemsha chai yake.
Shirika hunipa peni chache kwa hicho,
na usiku huniuzia kilekile kwa bei maradufu.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili:
miaka tisa deni kwisha, kumi na moja
mawingu yakitia kiburi. Desemba sihesabu.
Desemba jua huamka saa tatu kasorobo
na saa tisa na nusu limeshaaga.

Kisha Februari, tufani.
Usiku kucha bati la jirani lilipiga kelele,
alfajiri umeme ukakatika mtaa mzima,
na asubuhi, ajabu, anga imeoshwa,
jua limejaa paa langu pomoni,
na birika kimya. Sandukuni, taa nyekundu.

Nikatoka nje na gauni la kulalia, nikilaani
shirika, na Eilidh, na mkopo:
jua ninalo utosini, nakosaje chai?

Bwana Petrie alinisikia. Ana jiko la gesi, na kiberiti.
Akanipitishia kikombe juu ya ukuta,
kisha akanyosha kidole hadi mwisho wa mtaa,
penye nguzo iliyoinama, na juu yake
kijana mwenye koti la manjano,
glavu ameivua, ameing'ata menoni.

"Ule waya," alisema, "anaamini umekufa."

Nikatazama paa langu.
Nikautazama ule mkono mtupu.
Chai ilikuwa na sukari nyingi mno; niliinywa yote.

Saa saba na ushei mtaa ukarudi.
Sanduku halikukurupuka. Liliutegea waya sikio
dakika moja, ya pili, ya tatu,
ndipo likaguna kabatini, kati ya makoti.
Nikapakia nguo mashineni,
na shuka za Bwana Petrie pia.