Vidole Vinne

Barabara ya Nasser, ghorofa ya chini,
mlango wa tatu ukitoka kwa wauza karatasi.
Bi Nalukenge ameniletea kitabu kizito,
ncha ya ukurasa imekunjwa.
"Huyu bibi," anasema. "Mtie kwenye kalenda."
Anauza losheni za kung'arisha uso pale Kikuubo;
nakala elfu mbili, zawadi kwa wateja.

Bibi amekaa. Hariri inamwagika mpaka sakafuni.
Shingo ndefu, nyeupe kama unga wa muhogo.
Mbwa kalala miguuni.
Na pembeni, pale rangi inapogeuka giza,
mtoto mweusi na sinia la matunda,
lulu sikioni, na shingoni bangili ya fedha.
Nimetazama mara mbili. Haina pa kufungulia.

"Huyo kata. Anaharibu mwanga."

Chini ya picha wameandika jina la bibi,
jina la mumewe, mashamba yake,
jina la mbwa.
Nimetafuta, nikageuza na ukurasa wa nyuma.
Mbwa ana jina.

Mimi ni mtu wa wino, si mtu wa vitabu.
Miaka kumi na tisa nachapa nyuso:
wagombea, marehemu, maharusi wa Ntinda.
Najua jambo moja, na mchoraji yule alilijua pia:
weusi wa mtu hautoki kwenye kopo jeusi.
Mwaga wino mweusi peke yake, utapata shimo.
Uso wa Okwir, fundi wangu wa mashine,
unataka njano, wekundu, buluu kidogo kwenye taya;
nyeusi unaitia mwisho, kama chumvi.

Nimeweka kioo cha kukuzia:
shavuni mwa mtoto kuna zambarau, kuna kutu, kuna asali.
Alimtazama, basi. Asubuhi nyingi alimtazama,
kisha akamsogeza kivulini
ili shingo ya mwingine iwake.
Na jichoni, nukta nyeupe ndogo kuliko yai la chawa:
dirisha. Siku ile jua lilikuwepo.
Mtoto hamtazami bibi. Anatazama nje ya fremu,
huku, mezani kwangu, penye chai iliyopoa.

Nikakata. Kazi ni kazi, na kodi ya chumba ni tarehe tano.
Lakini sinia limepita mbele ya kiwiko cha bibi;
ukilitoa, unatoka na mkono wake.
Vikabaki vidole vinne ukingoni mwa karatasi.

"Vifunike kwa bei," akasema.
Bei nimeiweka juu, penye mapazia.
Nikamwambia kompyuta imegoma.

Okwir amekichapa kile kipande kwenye karatasi ya mabaki,
kakibandika kando ya swichi ya taa.
Hatukuzungumza.

Sasa ni Agosti. Kwenye saluni za Wandegeya,
kwenye kuta za watu nisiowajua,
bibi anang'aa,
na mtu akisogea kuangalia Idi itaangukia siku gani
anaona kuna mtu ameshika sinia.
Hajaachia.