Gundi

Usiku theluji ilidondoka Jabal Shams,
nyembamba, kama unga chini ya chekecheke.
Alfajiri watoto wa Al Hamra wakapanda na masufuria.

Thuwaiba hakupanda.
Aligonga mwamba kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza,
kama mamangu alivyogonga nazi sokoni Darajani.

"Ufa huu umekunywa maji, yakaganda.
Sasa hivi ni gundi.
Jua likifika, si gundi tena."

Tukawarudisha. Mmoja alilia njia nzima,
sufuria tupu kichwani.

Saa nne na robo, kahawa bado ya moto,
jiwe kubwa kama friji likashuka peke yake,
likakata njia, likanyamaza.
Vumbi likafuata baadaye.

Mtoto akaacha kulia.
"Lingine lini?"

Thuwaiba akalaza sikio kwenye genge,
asijibu.