Kamba ya Mafundo Matatu

Mwenye boti amenipa laki mbili na nusu
na maneno machache: "Gwakisa, tafuta kiti,
mgongo wako unanila hela."
Miaka kumi na mmoja nimeshika usukani
toka Itungi hadi Manda, na kurudi,
juu ya kreti la soda
na mto wa kitenge alioujaza sufi Mama Tumpale.
Sufi ililala zamani.
Kreti halijalala hata siku moja.

Usiku, ndani ya chumba cha usukani,
nilijipima kwa kamba ya katani.
Fundo la kwanza: kisigino hadi nyuma ya goti.
La pili: tako hadi jicho,
maana kioo cha mbele kiliwekwa na fundi mrefu;
nikikaa chini mno naona mawingu matupu,
siioni pua ya boti, wala mtumbwi wa mtu.
La tatu: kifua hadi gurudumu,
viwiko vikiwa vimekunjika kidogo
kama vya mtu anayepokea mtoto.

Alfajiri nikapanda mlima,
Kyela, Tukuyu, koti juu ya koti,
hadi Mwanjelwa, kamba mfukoni.

Cha kwanza kilikuwa cha ofisi,
cheusi, kinang'aa, magurudumu matano.
Nikamuuliza kijana: mwera ukivuma kitasimama wapi?
Akauliza, "Mwera ndiyo nani?"

Cha pili, cha kinyozi aliyekuwa anahama.
Kinapanda, kinashuka, kinalalia nyuma.
Nilikaa kukijaribu.
Nilipofumbua macho nimefungwa shuka shingoni
na upande mmoja wa ndevu haupo.
Nikalipa ndevu, kiti nikakiacha.
Zamu ya usiku haitaki rafiki wa namna ile.

Soweto, kwa fundi seremala,
nikaoneshwa kiti cha mchungaji:
simba wawili wa mninga, velveti nyekundu.
Kamba ikakataa fundo la tatu.
Na mimi, kwa kweli,
nisingeweza kumtukana injini nikiwa nimekaa pale.

Jua linaegemea nikafika Uyole,
yadi ya vyuma chakavu ya Ndele.
Pale, katikati ya milango isiyo na magari,
kiti cha dereva wa Fuso:
springi nzima, mgongo umenyooka,
kitambaa kimelika upande wa kushoto,
upande wa mguu wa klachi.
Fundo la kwanza, sawa.
La pili, nitapandisha kwa mbao.
La tatu, sawasawa.

Nikauliza lile ninaloogopa kuuliza:
"Aliyekikalia yuko wapi?"
Ndele akacheka. "Mzee Tweve?
Analima viazi Ndulamo.
Gari lilichoka kabla yake."
Nikatoa laki na themanini bila kubembeleza.

Lori la ndizi lilikuwa linarudi Kyela tupu.
Tukakiweka nyuma, tukakifunga,
nikakaa.
Hivyo ndivyo nilivyoshuka Rungwe yote,
upepo usoni, mikono mbele, imeshika kisichokuwepo,
kila kona nikikata usukani wangu wa hewa,
watoto wa Kiwira wakikimbia pembeni:
"Dereva wa nyuma! Dereva wa nyuma!"
Nikawapigia honi kwa mdomo.

Mama Tumpale amekikagua. Amekibonyeza
kama anavyobonyeza parachichi.
"Kizuri," kasema. "Na siku ya mawimbi?"
Siku ya mawimbi nitasimama, kama zamani;
hakuna aliyevuka Lupingu kwa mwera akiwa amekaa.
Ila saa zile nyingine, ndefu, za maji yaliyolala,
milima ya Livingstone ikipita polepole dirishani,
nitakuwa nimeiwekea akiba miguu hii.

Kreti nimelisogeza kando ya mlango.
Asubuhi nilimkuta Lusajo, utingo wangu,
amelikalia, ana kipande cha kamba,
anatafuta pa kufunga fundo la kwanza.